Kiti kutoka Kitangari

Kiti nilikifunga kwa mpira nyuma ya bodaboda,
miguu minne ikitazama juu kama mbuzi wa sadaka,
nikakishikilia kwa mkono mmoja mpaka Newala.
Ukungu ulikuwa haujaondoka. Vumbi la salfa
lilikuwa bado masikioni mwangu.

Siku sita mama yako alisimama.
Na alikuwa ameshonwa.
Alisimama kando ya kile kisanduku cha kioo
dakika walizompa, kisha akatoka
akalala verandani, kichwa juu ya fundo la nguo,
akikamulia maziwa kwenye kikombe cha kifuniko,
matone ya kuhesabika.
Kikombe kikaingia ndani, yeye akabaki nje.
Nikamuuliza kwa simu, "Yukoje?"
Akasema, "Muulize kikombe."

Mimi ni mtu wa mizani.
Nimepeleka korosho ghalani miaka kumi na minne,
najua karani anavyoibana kilo kwa kidole,
najua bakuli la kangomba linavyodanganya.
Gramu mia tisa na arobaini!
Nikashika gunia tupu: lenyewe linakuzidi.
Walikuita njiti, kwa upole, kama jina la nyumbani,
nami nikakumbuka kiberiti kilichonyeshewa,
jinsi mama yangu alivyokuwa akikificha
ndani ya nguo, kifuani, kikauke,
kabla hajathubutu kukiwasha.

Getini mlinzi Chitanda alikitazama kiti,
akanitazama mimi.
"Kiti hakiingii wodini."
"Kwa nini?"
"Kwa sababu hakijawahi kuingia."
Sina elimu ya kujibu sababu kama hiyo.
Nikakikalia hapohapo, katikati ya njia,
machela zikanipita ubavuni.

Sista Nambunga akatoka, kalamu sikioni.
Hakugomba. Alichomoa cheti cha dawa,
akaandika akiwa ameegemea ukuta:
Mama mmoja, kutwa, bila kukatisha.
Baba nusu, asubuhi na jioni.
Kiti kimoja.
Akagonga muhuri.
Chitanda alikisoma mara mbili. Muhuri ni muhuri.
Akakibeba kiti yeye mwenyewe.

"Na wewe," sista akaniambia, "kaoge."
Maji ya Newala: ndoo uinunue,
uifikirie, ndipo uimwage.
Nilijisugua salfa mpaka ngozi ikalia.
Kisha akasema, vua shati.
Nina makovu ya mafuta ya korosho, hapa na hapa,
nikaona haya. Akasema mtoto hasomi makovu,
anasoma joto.
Akakuweka. Akatufunga kwa kitenge cha mama yako.

Uzito sikuusikia. Nilisikia kukwaruza,
kama panzi ndani ya ngumi,
halafu ukatulia, na ile mashine ya ukutani
iliyokuwa ikitugombeza tangu asubuhi
ikapunguza maneno.
Mama yako akakaa.
Akasinzia kabla mgongo haujafika.

Sitakudanganya kwamba wote walitoka.
Kisanduku cha dirishani kilikuwa na mapacha wa Mkunya.
Mama yao alikikalia kiti chetu asubuhi nzima
akiwa na mmoja kifuani,
na hakuna aliyemwambia muda umekwisha.

Siku ya thelathini na nane tulipofungasha
Chitanda akauliza, "Na kiti?"
Nikageuka. Kulikuwa na mtu juu yake,
kijana, shati mkononi, anatetemeka.

Hapa nyumbani wageni wanakalia gunia.
Wakiuliza, nasema kiti kimelazwa Newala,
hakijaruhusiwa.